Maswali ya Wasomaji: Matundu ya hewa ya injini ya rota

SWALI: Ndege ninayoijenga nyumbani ina Mazda 13B, injini ya rota mbili (vipande vya pembetatu vinavyozunguka badala ya pistoni), ya matundu manne na gia ya kupunguza mzunguko ya 2.85 kwa 1. Nikipanua matundu ya kuingiza hewa, nikate upande gani, na mpaka uko wapi?

JIBU: Anza na propela. Kwa gia hiyo, shafti ya injini ikizunguka 6,000 kwa dakika propela inapata kama 2,100. Kwa 7,500 inafika 2,630. Injini yako itafanyia kazi humo, haitafika 9,000 ya magari ya mashindano. Panua kiasi tu.

Faida iko ukingo wa juu, ule unaofunga tundu. Ukiusogeza, tundu linachelewa kufungwa na chumba kinazidi kujaa mzunguko unapopanda. Ukingo wa nje, unaofungua, uguse kidogo sana: hapo ndipo sili ya kona (kizibo kidogo kwenye kona ya rota) inapopita, na ikikosa chuma cha kukanyaga inadumbukia tunduni. Wa ndani uache kabisa. Ukiingia kwenye njia ya sili ya oili, injini itakunywa oili.

Paka bamba la ubavu, lenye matundu, wino wa bluu, weka shafti na rota mahali pake, zungusha, chora njia za sili kwa ncha ngumu, ndipo ukate kwa biti ya kabaidi. Kila tundu lilingane na mwenzake wa rota ya pili. Ukingo wa kufungia uupe mteremko mdogo. Ukiwa mkali unanyofoa sili ya ubavu wa rota. Ndani ya njia ya hewa nenda polepole, maana nyuma ya ukuta kuna maji ya kupoza injini. Mwisho osha hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe: unga wa chuma ukibaki, sili hazidumu.

SWALI: Kwa nini nisitoboe chemba ya rota yenyewe (ukuta unaoizunguka rota) na kupitisha bomba?

JIBU: Nguvu utaipata, ila tundu hilo halifungwi kamwe, sili ya ncha ya rota inalipita tu. Kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka polepole bila mzigo, moshi wa eksozi unachanganyika na hewa mpya, injini inatetemeka, na meno ya gia yanagongana. Tena bomba linakatiza njia ya maji. Ukishikilia, ncha yake ibaki chini kidogo ya uso wa ndani wa chemba, ule wa kromu, kisha jaza hewa ya pau 1 upande wa maji na uangalie geji. Sindano ikishuka, usiiunganishe injini.