Baba A, mama B, mtoto O

Ndugu, usianze kumshuku mkeo. Umeuliza mtoto amepataje kundi la damu O ilhali wewe ni A na mama yake ni B. Inawezekana kabisa, wala si ajabu.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya kundi la damu (kipande cha DNA chenye maagizo yake), iliyoko kwenye kromosomu ya 9: moja ya baba, moja ya mama. Kipimo cha kawaida hakikuonyeshi nakala zote mbili, kinaonyesha kilichojitokeza tu. Mwenye A anaweza kuwa AA au AO, maana O hufunikwa na A; vivyo hivyo mwenye B ni BB au BO. Ukiwa AO na mama BO, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kupokea O kutoka kwenu wote wawili na kuwa wa kundi O, hata kama aliyetangulia naye alikuwa O.

Na hiyo O, kwa kweli, ni kama A iliyoharibika. Katika aina yake iliyoenea zaidi, herufi moja ya DNA imedondoka, maagizo yaliyofuata yakasomeka ovyo, na kimeng'enya (protini yenye kazi maalumu) cha kubandika sukari ya A juu ya seli nyekundu kikawa hakifanyi kazi. Herufi moja! Na mwenye O anaishi vizuri tu.

Mmoja wenu angekuwa AB, yaani hana nakala ya O ya kumpa mtoto, ndipo ningeshangaa, ingawa hata hapo ningesema rudieni kipimo kwanza. Uzazi huthibitishwa kwa DNA, si kwa kundi la damu.