Unga wa shaba "huwekwa wazi kwa mvuke" au hufukizwa?

Swali: Katika makala yangu ya kemia nimeandika, "Shaba hii inayong'aa hubadilisha rangi inapowekwa wazi kwa mvuke." Mhariri ameikataa sentensi hiyo. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu mwandishi, naona mhariri wako ana haki, hasa kuhusu "kuwekwa wazi kwa mvuke". Kwa Kiswahili kinachowekwa wazi ni siri, msimamo au hesabu za chama. Kitendo unachokieleza kina kitenzi chake cha tangu zamani, nacho ni kufukiza, ambacho wengine hutamka kuvukiza. Nguo hufukizwa udi juu ya chetezo, na mwenye mafua hujifukiza kwa majani yaliyochemshwa akiwa amejifunika shuka. Kote kuwili kitu huwekwa mahali ambapo moshi au mvuke utakipata na kukiingia, na ndivyo unga wako unavyofanyiwa maabarani. Hata hivyo neno mvuke usilidondoshe, kwa kuwa udi huchomwa ukatoa moshi, ilhali tolueni, kiyeyusho kinachotumika katika rangi za mafuta, hutoa mvuke katika joto la kawaida la chumba bila kuchomwa.

Kung'aa nako kunapotosha. Sinia la shaba lililosuguliwa hung'aa kwa kurudisha mwanga unaolipiga, lakini msombo huu, yaani kemikali iliyoundwa kwa elementi zaidi ya moja, hufyonza urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, kisha hutoa mwanga wake wenyewe. Kwa hiyo andika "unaotoa mwanga", na useme wazi kwamba kinachogeuka ni rangi ya mwanga huo, wala si lazima iwe rangi ya unga. Tena si shaba tupu: ni msombo changamano, kwa maana ile ile ya sentensi changamano, yaani sehemu kadhaa zilizofungamana.

Mfano mzuri ni ule uliochapishwa mwaka 2000 na wanakemia Elena Cariati, Xianhui Bu na Peter C. Ford, wa iodidi ya shaba (shaba na iodini) iliyofungamana na pikolini, kemikali ya kikaboni yenye nitrojeni. Tolueni huufanya mnyororo mrefu wa atomi ujipange upya katika vifundo vyenye atomi nne za shaba na nne za iodini, na pentani, kiyeyusho kingine, huurudisha ulivyokuwa. Mimi ningeandika hivi: "Msombo huu changamano wa shaba, ukimulikwa kwa urujuanimno, hutoa mwanga wa buluu, ukifukizwa kwa mvuke wa tolueni, mwanga huo hugeuka wa njano, na ukifukizwa kwa mvuke wa pentani, hurudi kuwa wa buluu."