Kurapu kwa Kiswahili Kampala: jibu kwa ndugu wa Mbale

Ndugu wa Mbale ameuliza mambo matatu katika uzi huu: mimi rapa nisiye na kampuni nilianzia wapi, nyimbo zangu naziandikaje, na je, yeye anayerapu kwa Kiswahili ahamie Luganda ili Kampala imsikilize. Nimechelewa kujibu kwa sababu maswali yenyewe yananigusa, na sikutaka kuyapitia juu juu.

Nilizaliwa mwaka 1988 nikakulia katika kambi ya polisi upande wa Nsambya. Baba alikuwa Mteso na mama ni Mwacholi, na hakuna kati yao aliyejua lugha ya mwenzake walipooana, kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa Kiswahili, kama zilivyoendeshwa nyumba nyingi za kambini. Tuliishi katika yuniporti, vile vibanda vya mabati vya mviringo ambavyo kila aliyewahi kupita karibu na kambi za polisi za Kampala anavifahamu. Mvua ikinyesha hatukuweza kusikilizana, na jua likizama mabati yalilia yakipoa, moja baada ya jingine. Sisi watoto tuligundua mapema kwamba ukuta wa nyumba ni ngoma. Mmoja alipiga kwa kiganja, mwingine kwa kijiti, na wa tatu akataja majina ya maafande na vituko vyao mpaka mama fulani atoke na mwiko kutufukuza.

Rap yenyewe niliisikia kwanza katika redio za FM, zile za binafsi zilizoanza Kampala mwaka 1993, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni sanaa ya Kiingereza tu. Imani hiyo ilivunjika nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, jirani yetu mmoja aliporudi kutoka kazini Busia na kanda ya Kalamashaka, kundi la vijana wa Dandora, Nairobi. Sikuelewa kila neno, kwa maana Kiswahili chao kilikuwa na mambo ya mtaani kwao, lakini ile ilikuwa lugha aliyonibembelezea mama, na sasa ilikuwa inakimbia juu ya mdundo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tuliisikiliza kanda hiyo mpaka utepe ukaanza kukwama, nami nikawa mtaalamu wa kuurudisha kwa penseli.

Baadaye nikafahamu kwamba hapa Kampala kwenyewe Bataka Squad, kundi la rapa, walikuwa wamekwisha kufanya kazi ya namna hiyo kwa Luganda tangu miaka ya tisini, wakati ambapo rapa wengi wa mjini waliiga lafudhi ya Marekani. Mtindo wao ukaitwa Luga Flow, na vijana wote tunaorapu kwa lugha zetu Uganda leo, hata tusiotumia Luganda, tuna deni kwao.

Kuhusu mapenzi yangu kwa hip-hop, nitasema jambo moja tu, nalo ni jinsi ilivyozaliwa. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo nambari 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York, DJ Kool Herc, kijana aliyehamia huko kutoka Jamaika, alipiga muziki katika sherehe iliyoandaliwa na dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji huchangamka zaidi pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma inapobaki peke yake, hivyo akatumia santuri mbili za wimbo uleule ili kipande hicho kifupi akirudie na kukirudia. Watu wasio na ala za muziki walichukua sehemu ambayo wengine waliiona kuwa ya kupumzikia, wakaifanya kuwa wimbo mzima. Mtoto aliyekulia akipiga mabati anaelewa habari hiyo bila kufafanuliwa. Mwaka huohuo wa 1973, hapa kwetu, Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote, lakini yamekutana katika maisha yangu, na hilo la pili ndilo lililonipa wimbo wangu mgumu kuliko yote.

Mwaka 2011 nilialikwa kurapu katika uwanja mdogo nyuma ya karakana ya mbao, Ndeeba. Vijana waliitikia vizuri, nami nikashuka nikiwa na furaha. Ndipo mzee mmoja, ambaye asili yake ni Luweero, akaniita kando na kuniambia kwa upole kwamba mara ya mwisho kusikia Kiswahili kikipazwa kwa sauti kama yangu ilikuwa siku za "panda gari". Kwa wasomaji wasiotoka Uganda, hilo ndilo jina ambalo watu walizipa operesheni za miaka ya themanini, ambapo askari waliuzingira mtaa, wakawaamuru watu wapande magari, na wengine hawakurudi tena nyumbani. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na kwa hiyo katika masikio ya watu wengi wa Buganda kimebaki lugha ya amri na ya hofu. Mzee hakunilaumu. Alisema tu kwamba nilipoanza kupaza sauti mikono yake ilitetemeka, akaniomba radhi kwa kunieleza.

Sikulala vizuri usiku ule. Mimi ni mtoto wa polisi, na lugha ambayo kwangu ilikuwa uji wa asubuhi na wimbo wa kulala, kwake ilikuwa bunduki. Niliona wazi kwamba nikiendelea kurapu kwa Kiswahili Kampala bila kuligusa jambo hilo, nitakuwa nimepita juu ya watu. Wimbo ulinichukua miezi minne, na kwa kuwa ndugu ameuliza ninavyoandika, nitautumia huo kuwa mfano.

Siandiki nikiwa nimekaa. Natembea kwa miguu kutoka Makindye hadi kazini, katika duka la uchapishaji la Barabara ya Nasser, na mistari huja kwa mwendo wa hatua. Nairekodi kwenye simu, kisha jioni naihamishia daftarini na kufuta zaidi ya nusu. Ubeti uliobaki ulianza hivi:

Lugha ya kwetu nyumbani, mama kanibembeleza,
kwako mtutu kichwani, na gari la kupoteza.

Hesabu mizani, yaani silabi: nane na nane, jumla 16, kama mwalimu wetu wa Kiswahili wa sekondari alivyotufundisha shairi. Mwalimu yule hakuwa na habari na hip-hop, lakini alinipa chombo ninachokitumia mpaka leo. Biti ni ule muziki wa ngoma tunaorapu juu yake, na baa ni kipande kimoja cha biti kinachojirudia. Baa moja ya biti ya kawaida ina midundo minne, na kila mdundo hugawanyika mara nne, kwa hiyo baa ina nafasi 16. Mshororo wa shairi unaijaza baa kikamilifu, silabi moja kwa kila nafasi, na katika biti ya midundo 88 kwa dakika hiyo ni kama silabi sita kwa sekunde, kasi ambayo msikilizaji anaweza kuifuata bila kupoteza maana.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ukianza mshororo papo hapo baa inapoanza, mkazo wa "nyumbani" na wa "kanibembeleza" utaanguka baada ya pigo kali la ngoma, na utasikika kama mtu anayekimbiza gari lililokwisha kuondoka. Mimi naanza nafasi mbili kabla ya baa. Nikifanya hivyo, silabi ya saba, yaani "mba" ya "nyumbani", inakaa juu ya mdundo wa pili, na silabi ya kumi na tano, yaani "le" ya "kanibembeleza", inakaa juu ya mdundo wa nne. Midundo hiyo miwili ndiyo yenye pigo kali. Kina cha kati na kina cha mwisho, ambavyo malenga wa pwani walivipanga pasipo biti yoyote ya Bronx, vinakaa juu ya ngoma kana kwamba vilitengenezwa kwa ajili yake. Siku nilipoligundua hilo nilikuwa peke yangu barabarani karibu na Kibuye, na nilisimama.

Hata hivyo, wimbo mzima ukienda hivyo unageuka kuwa kariri ya darasani. Kwa hiyo baada ya mishororo sita au minane navunja: naacha nusu baa kimya, au naleta mshororo wa mizani 11, au nalisukuma neno moja livuke kuingia baa inayofuata. Katika wimbo ule niliacha kimya baada ya neno "gari". Prodyuza wangu alitaka kukijaza kimya hicho kwa mlio wa injini, nami nikakataa, kwa sababu mzee wa Ndeeba hakuhitaji kukumbushwa mlio wa injini.

Jihadhari pia na vina vya bure. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na vitenzi vingi huishia kwa "a", hivyo mtu anaweza kurapu saa nzima akidhani ana vina kumbe ana irabu tu. Mimi nadai silabi mbili za mwisho zifanane, au angalau "-eza" kwa "-eza" kama hapo juu. Badala yake tumia utajiri ambao rapa wa Kiingereza hana, yaani upatanisho wa ngeli: "vilio vyao vile vilivyovuma" ni ngoma tayari kabla hujaweka biti. Wenzangu wa Luganda wana utajiri wa aina nyingine, kwa kuwa kwao konsonanti iliyorudufiwa hubadilisha maana, kama "okuta", yaani kuachia, na "okutta", yaani kuua, na rapa hodari hulipiga neno la namna hiyo kama fimbo. Ukihamia Luganda bila kuumiliki urefu huo wa sauti, watoto wa Katwe watakusikia mara moja.

Kuhusu kurekodi sina mengi. Narekodi chumbani, godoro likiwa limesimamishwa ukutani na mablanketi mawili juu ya kamba, kuanzia saa sita usiku bodaboda zinapopungua, na kazi ya kuchanganya sauti nampelekea prodyuza anayelipwa kidogo kidogo kwa simu. Mtangazaji mmoja wa redio aliwahi kuniomba pesa ili aucheze wimbo wangu, nikaondoka nao, na sijutii. Kilichoniumiza zaidi ni Julai 2018, ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kwani wasikilizaji wangu ni watu wa kupima kila shilingi, na nyimbo zilizokuwa zikisambaa kwa WhatsApp zilisimama karibu zote. Nikarudi kwa vijana wa vibandani wanaopakia nyimbo kwenye kadi za simu za wateja, na mpaka leo wengi wanaonifahamu walinipata huko. Kisha maonyesho yakafungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, nami sikupanda jukwaani hata mara moja katika kipindi hicho chote. Niliandika.

Na sasa swali lako la tatu, ndugu. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini uamuzi wa serikali haumfanyi mtu wa Kawempe aelewe ubeti wako Jumamosi hii. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo kazi yangu iliniruhusu. Nachapisha mashairi yangu kwenye karatasi moja inayokunjwa mara mbili, Kiswahili kushoto na maelezo ya Luganda kulia, na ninaigawa kabla sijapanda jukwaani. Watu huishika chini ya taa na kuifuata kwa kidole. MC Yallah ameonyesha kwamba rapa wa hapa anaweza kutumia Luganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza bila kumwomba mtu msamaha, na kama Luganda iko kinywani mwako, itumie. Lakini usihame kwa sababu ya woga. Mtu anayerapu kwa lugha ambayo hakuwahi kulia nayo husikika kwamba si yake, na Kampala ina masikio makali.

Karatasi ya kwanza ya wimbo ule niliipeleka Ndeeba mwenyewe. Mzee aliusoma upande wa Luganda polepole, akavua miwani, kisha akaniomba nimsomee upande wa kushoto, bila biti na bila kupaza sauti. Nikamsomea nikiwa nimekaa kwenye rundo la mbao pembeni yake. Alinirudisha katika mshororo wa pili mara mbili.

Uliandika kwamba una beti tatu ulizozitupa kwa kuwa hazikai kwenye biti. Ziweke hapa kama zilivyo na utaje kasi ya biti yako. Nina hakika kwamba angalau moja inahitaji tu kuanza nafasi mbili mapema.