Dawa za sonona: wiki za kuanza na siku za kuacha

Nimetumia dawa za sonona kwa muda mrefu, na zilinisaidia. Wanaonijia kuniuliza huwa na hofu mbili: kwamba zitawageuza wawe watu wengine, na kwamba hawataweza kuziacha. Mimi sikugeuka, na wakati ulipofika niliacha salama. Ila vipo vipindi viwili vinavyotaka uangalifu mkubwa, wiki za mwanzo na siku za kuacha. Katikati ni kumeza kila siku saa ileile na kuhudhuria kliniki.

Fluoksetini, sertralini na ndugu zake hazifanyi kazi papo hapo kama dawa ya maumivu. Wengi huanza kuona nafuu kati ya wiki ya 2 na ya 4, na nguvu kamili huweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Maudhi ndiyo yanayotangulia: kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho, kinywa kukauka, usingizi kuvurugika. Ndiyo maana wengi hukata tamaa mapema. Wanapata tabu kabla ya faida. Mimi nilisumbuliwa na kichefuchefu na usingizi, daktari akaniambia nimeze asubuhi baada ya kula, na hali ikatulia. Maudhi mengi hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Yanayokawia zaidi ni yale ya chumbani, hamu kupungua au kuchelewa kufika kileleni, na haya ndiyo watu huyaficha mpaka wanatupa vidonge kimyakimya. Mwambieni daktari. Ameshayasikia mara nyingi, na anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Lipo jambo zito zaidi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo kali kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe, kwani sonona yenyewe inaua. Maana yake ni kwamba asiachwe peke yake wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa. Hata kwa mtu mzima ni busara. Mimi nilimwomba dada yangu anitazame na nikamweleza cha kutazama: kushindwa kutulia mahali pamoja, hasira za ghafla, kukosa usingizi kabisa, maneno ya kutaka kufa. Ukiyaona hayo, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kidonge cha kwanza, mweleze daktari kama umewahi kupitia kipindi cha kulala saa chache mno huku una nguvu tele, unaongea bila kupumzika na kutapanya pesa. Huenda tatizo si sonona peke yake, na dawa hizi zikitumika zenyewe zinaweza kukurusha kwenye hali hiyo tena.

Mtajie pia kila unachomeza, hata mitishamba. Tramadoli, baadhi ya dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, na mmea uitwao St John's wort vikichanganywa na dawa za sonona vinaweza kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huiongeza, kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, misuli kukakamaa, homa, jasho jingi, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki, zikimezwa pamoja na dawa hizi, huongeza uwezekano wa kutokwa damu tumboni. Mimi hubeba karatasi yenye majina ya dawa zangu, na duka la dawa naitoa kabla sijaulizwa. Pombe niliiacha kabisa, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu.

Sasa kuacha. Mtu anapata nafuu, anajiona amepona, anaacha. Daktari wangu alisisitiza kwamba kujisikia vizuri si tarehe ya kuacha. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya nafuu ili ugonjwa usirudi. Wakati ukifika, dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa na wakati mwingine miezi. Paroksetini na venlafaksini hutoka mwilini haraka, hivyo huleta shida zaidi kuliko fluoksetini inayokaa muda mrefu. Katika kupunguza nilipata kizunguzungu, ndoto kali na mishtuko kichwani kama ya umeme. Daktari akanirudisha kwenye dozi ya nyuma, tukaenda taratibu zaidi. Huo si uraibu, ni mwili kuzoea upya. Kinachosaidia kutofautisha ni muda: dalili za kuacha huja siku chache baada ya kupunguza, ilhali sonona mara nyingi hurudi polepole.

Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka, isipokuwa ile inayofuata iko karibu. Usimeze mbili kwa pamoja. Vidonge viwekwe mbali na watoto, hasa amitriptilini, dawa ya sonona ya aina ya zamani, ambayo ikizidi hudhuru moyo. Na mama akigundua ana mimba, asitupe dawa siku hiyo. Aende kwanza kwa daktari wake, waamue pamoja.