Wadudu Rafiki wa Bustani: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

SWALI: Nina bustani ndogo ya sukuma wiki na figiri nyuma ya nyumba yangu. Kila kiangazi majani hujikunja na kujaa wadudu wadogo wa kijivu. Nimesikia kwamba wapo wadudu wanaowala hao, na kwamba huvutwa na maua. Nipande maua gani, na nisubiri kwa muda gani? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, hao ni vidukari wa kabichi, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Jike la kidukari huzaa bila kuhitaji dume, tena huzaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai, na kukiwa na joto la kutosha watoto hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja au mbili tu. Ukipulizia sumu, wachache wanaosalia hujaza majani upya, na safari hii hawakuti adui yeyote kwa sababu sumu imewaua maadui pia, ambao huchukua muda mrefu zaidi kuongezeka.

Maadui hao wapo Arusha tayari, na huna haja ya kuwanunua. Yuko mbawakawa mdogo wa mviringo anayeng'aa, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwenye madoa meusi. Yuko nzi mwembamba mwenye mistari ya njano na nyeusi, aelekeaye kusimama hewani mbele ya ua kabla ya kutua. Wako pia nyigu wadogo mno, wasiouma mtu, ambao hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba baadhi yao hula wadudu wakiwa wachanga tu: buu la nzi niliyemtaja humaliza vidukari kwa mamia, lakini mama yake huishi kwa chavua na mbochi, ile maji tamu ya maua. Bustani yenye sukuma wiki peke yake haimpi mama huyo chakula, naye huenda kutafuta riziki, na mara nyingi kutaga, kwingine.

Kwa hiyo panda giligilani, shamari na bizari, na uache mashina machache ya karoti yachanue badala ya kuyang'oa yote. Mimea ya ukoo huu ina vijiua vingi vilivyo wazi, ambavyo mbochi wake hauko mbali, na hata nyigu mwenye mdomo mfupi huufikia. Waridi lenye petali tele hupendeza macho, lakini kwa nyigu huyo halina faida kubwa. Sia giligilani kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu hivi, ili yanapokauka maua ya kwanza mengine yawe yanafunguka. Kishona nguo kinachoota pembezoni mwa uzio nacho usikifyeke chote. Ni magugu, nakubali, lakini huchanua wakati ambapo mimea mingine imekauka.

Kuhusu muda, ni lazima vidukari watangulie, kwa kuwa hakuna mama atakayetaga mahali ambapo watoto wake watakufa njaa. Wiki za mwanzo zitaonekana kama kushindwa, na hapo ndipo watu wengi hushika bomba na kuharibu kazi yote. Katika kipindi hicho ponda vidukari kwa vidole, wapige kwa maji yenye nguvu, au kata majani yaliyozidiwa. Maji ya sabuni yanafaa, ila hayachagui: huua kiumbe chochote laini kinacholowa, kwa hiyo geuza jani kwanza uone ni nani aliye chini yake. Ukimwona mdudu mweusi mwenye madoa ya chungwa, mwenye umbo la mamba mdogo, mwache, kwani huyo ni mtoto wa yule mbawakawa mwekundu na hana tofauti naye kwa ulafi. Ukiona vidukari waliovimba na kukauka, wenye rangi ya kahawia na tundu la mviringo mgongoni, fahamu kwamba nyigu wamekwisha kuanza kazi.

Yapo matatizo mawili. Sisimizi hunywa majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari na huwalinda dhidi ya maadui. Wakipanda shina kwa wingi, tafuta njia yao na uikate. Pia yuko mbawakawa mwenye madoa asiyekuwa rafiki hata kidogo. Hang'ai, mwili wake una vinyweleo vifupi, na hukwangua majani ya maboga mpaka yakabaki nyavu. Huyo mwokote na umuue.

SWALI: Viwavi wanatoboa kabichi zangu. Jirani amenishauri nipulizie dawa ya pareto kwa kuwa ni ya asili, hivyo haitawadhuru wadudu wazuri. Ni kweli? (Msomaji wa Limuru)

JIBU: Si kweli. Pareto hutokana na maua, na huoza upesi juani, lakini siku unapoipulizia humwua nyigu kama inavyomwua kiwavi. Kwa kabichi jambo hili lina uzito wa pekee, maana nondo anayezaa viwavi hao amezoea sumu nyingi kiasi kwamba dawa huweza kuwamaliza maadui wake na kumwacha yeye. Mwaka 2002 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, waliachilia nchini Kenya nyigu aitwaye Diadegma semiclausum, aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga ndani ya viwavi hao na hustawi katika nyanda za juu zenye baridi kama kwenu. Ikiwa ni lazima upulizie, tafuta dawa ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo humwua kiwavi anayekula jani lililopuliziwa na haimgusi nyigu aliyekomaa.

SWALI: Minazi na miembe yangu imejaa viota vya maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma sana. Niwachome? (Msomaji wa Unguja)

JIBU: Usiwachome. Utafiti uliofanyika Zanzibar tangu miaka ya 1950 ulionyesha kwamba maji moto huwafukuza kunguni wanaofyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke mapema. Ni kweli kwamba baadhi ya wadudu wafyonzaji hufugwa nao, lakini kwa mnazi faida ni kubwa kuliko hasara. Ondoa viota vilivyo karibu na mlango na njia tu, na uchume maembe asubuhi na mapema, kabla hawajachangamka.