Kivimbe cha milimita 7 kwenye thairoidi: kusubiri si uzembe

Pole kwa mama, dada. Unauliza kama daktari amemtelekeza kwa kusema kivimbe chake cha saratani cha milimita 7 kwenye thairoidi (tezi ya shingoni) kifuatiliwe tu bila kisu. Hapana. Saratani ya thairoidi aina ya papilari, ikiwa haijazidi sentimita 1 na haijagusa tezi za limfu, koromeo la hewa wala neva ya sauti, mara nyingi hukua polepole mno. Hospitali ya Kuma, Kobe, Japani, imekuwa ikifuatilia wagonjwa hivyo tangu 1993. Ripoti yao ya 2014 ilihusu watu 1,235: ndani ya miaka 10, kama asilimia 8 tu ndio kivimbe kilikua kwa milimita 3 au zaidi, na hakuna aliyeuawa na saratani hiyo. Korea Kusini watu wengi walipimwa shingo kwa ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) kutafuta saratani hii. Mwaka 2011 wagonjwa wapya walikuwa mara 15 ya 1993, lakini vifo vilibaki palepale. Wengi walikatwa tezi hiyo, na sasa ni vidonge vya homoni kila asubuhi, maisha yote.

Ila ultrasaundi mama asikose: baada ya miezi 6, kisha kila mwaka. Sauti ikikwaruza bila mafua, msingoje tarehe.