Soma Kipimo Kabla ya Bei

Mmeuliza wiki hii: mtu akiwa safarini nchi ya kigeni, aingieje soko la chakula ili ale vizuri, asipunjwe, na tumbo lisimharibikie? Mimi naanzia kwenye kibao cha bei. Malalamiko mengi ya "wameniibia" hayatokani na wizi. Mgeni amesoma namba, hakusoma kipimo.

Italia, jibini na nyama za kukausha mara nyingi hutajwa bei kwa etto, yaani gramu 100. Ukiona euro 3 ukadhani ni bei ya kilo, jiandae kudaiwa mara kumi. Thailand wana khit, nayo ni gramu 100. Jin ya China bara ni gramu 500, ila jin ya Taiwan, kwa jina lilelile, ni gramu 600. Marekani wanapima kwa ratili, kama gramu 454. Kwa hiyo usiagize "kidogo tu". Andika 200 g kwenye simu, mwoneshe muuzaji, na umwombe akupigie hesabu ya jumla kabla hajashika kisu. Jibini likishakatwa ni lako.

Mizani nayo iangalie ikiwa tupu: isome sifuri, na chombo kikiwekwa juu yake irudishwe sifuri kabla bidhaa haijatiwa. Kwenye samaki usiwe mwepesi wa kulalamika. Sehemu nyingi hupimwa mzima, kabla ya kuparwa na kutolewa matumbo, na hiyo si hila. Kilo ya samaki mzima, ukitaka minofu mitupu, mara nyingi hutoa nusu kilo au pungufu. Soko la Noryangjin, Seoul, samaki unamnunua kizimbani kisha unampeleka kwenye mkahawa wa humohumo sokoni akatayarishwe, na mkahawa una malipo yake. Ulizia bei zote mbili samaki angali anaogelea.

Mzunguko wa kwanza upige mikono mitupu. Linganisha bei ya kitu kimoja kwenye vizimba vitatu au vinne, hasa vya ndani, kwani vilivyo mlangoni huwalenga wapita njia. Siku nayo ina maana yake: Barcelona wavuvi hawatoki mwisho wa wiki, hivyo Jumatatu samaki wabichi ni haba. Na anayekwenda soko la Tsukiji, Tokyo, kutafuta mnada wa jodari amechelewa. Mnada ulihamia soko la Toyosu Oktoba 2018. Maduka ya nje ya Tsukiji yamebaki, na kwa kula tu yanatosha kabisa.

Sasa tumbo. Ushauri wa "fuata foleni" mimi nauamini nusu, kwa sababu foleni ya wapiga picha haimalizi chungu. Tazama sufuria: inaisha na kupikwa nyingine, au ni ileile tangu ulipopita mara ya kwanza? Chakula kinachosubiri wateja kinatakiwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi. Mvuke peke yake haukuthibitishii hilo, lakini chakula kilichotulia vuguvugu kiache. Chakula kinachoharibika kirahisi kikikaa nje ya barafu au moto kwa saa 2 kimepita muda, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1.

Vitu viwili havisameheki hata vikipashwa moto. Cha kwanza ni wali uliopikwa mapema ukaachwa upoe taratibu: mbegu za bakteria huhimili kuchemka, kisha huzaliana na kuacha sumu isiyokufa kwa moto. Cha pili ni jodari, vibua na jamaa zao waliokosa barafu. Bakteria kwenye nyama yao hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na kukaanga hakuiondoi. Ukihisi ulimi unawasha kama pilipili ilhali hakuna pilipili, tema. Samaki mbichi mwangalie macho na matamvua: macho yawe yametuna na kung'aa, matamvua yawe mekundu, si ya kahawia. Tunda nunua zima, limenye mwenyewe. Lililokatwa hubeba kisu, ubao na maji ya mtu mwingine.

Adabu inategemea nchi. Ufaransa na Italia usichague matunda kwa kuyabonyeza. Mwambie muuzaji utayala leo au keshokutwa, naye atakuchagulia yaliyoiva kwa siku hiyo (hapo wengi ni mafundi kuliko sisi). Soko la Nishiki, Kyoto, wageni huombwa wasile huku wakitembea. Kula palepale uliponunulia. Penye bei iliyoandikwa, usianze kuvutana. Soko likikaribia kufungwa, omba nyongeza badala ya punguzo. Ni rahisi zaidi kukubaliwa.

Zawadi za kubeba ndizo hukwama. Umoja wa Ulaya hauruhusu wasafiri kutoka nchi nyingi za nje kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, hata kipande cha sandwichi. Matunda yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Australia, tiki kwenye fomu kila chakula ulichobeba. Ukikitaja na hakiruhusiwi, kwa kawaida hunyang'anywa tu. Ukikificha, ni faini.